MILIA YA MAHINDI NA MTU ALIYEIULIZA MASWALI
Somo la kazi ya Bwana Storey wa Amani, kwa wakulima wa Mboghoni



Kila msimu wa mahindi wakulima huja ofisini kwetu na majani mikononi. Jani lina mistari myembamba, myeupe au ya manjano, kutoka shina mpaka ncha. Wengine husema udongo umechoka. Wengine husema mbegu ya dukani imeharibika. Wengine husema mfereji umeleta maji mabaya. Na wako wanaonunua mbolea kwa fedha zao chache, wakaitia shambani, na mistari isiondoke.

Somo la mwezi huu ni juu ya mistari ile, na juu ya mtu mmoja aliyetumia miaka zaidi ya 40 kuiuliza maswali. Msidhani kwamba habari za mtaalamu ni hadithi ya kupitishia jioni tu. Mimi ni karani wa ofisi ya kilimo, si mtaalamu. Lakini nilisomea ualimu, na katika ualimu tulifundishwa kwamba mwanafunzi akijua jibu bila kujua lilivyopatikana, atalisahau au atadanganywa na jibu jingine. Kwa hiyo hapa nitawaonyesha jibu, na njia iliyolileta. Njia ile hata mkulima mwenye ekari mbili anaweza kuifuata.

UGONJWA WENYEWE

Ugonjwa huu huitwa milia ya mahindi. Huanza na vidoa vidogo vya mviringo, vyeupe au vya manjano, katika jani changa. Baadaye vidoa hurefuka, vikawa mistari iliyokatika-katika ifuatayo mishipa ya jani. Majani yaliyokwisha kukomaa kabla ya ugonjwa kuingia hayapati mistari. Yale yatokayo baadaye ndiyo yenye milia. Kwa hiyo ukitazama mmea vizuri, jani la mwisho lililo safi hukuonyesha ugonjwa uliingia lini.

Hasara yake hutegemea umri wa mmea. Hindi lililopatwa likiwa dogo, wiki chache tu baada ya kuota, hudumaa, na mara nyingi halitoi gunzi la maana. Lililopatwa likiwa limekaribia kutoa mbelewele hupungukiwa kidogo tu. Mkulima aliye na shamba la kuwalisha watoto na kulipa karo hana budi kulishika neno hili: wiki za kwanza ndizo za hatari.

Kileta-ugonjwa ni virusi. Virusi ni vidogo mno kuliko bakteria. Havionekani kwa darubini ya kawaida, wala haviwezi kuongezeka ila ndani ya kitu kilicho hai. Hakuna dawa ya kunyunyiza iwezayo kuuponya mmea uliokwisha kupatwa. Mbolea nayo haiuponyi.

Msichanganye milia na ugonjwa mwingine uliotambuliwa nchini Kenya mwaka 2011, kwanza huko Bomet, ambao maofisa huuita kwa kifupi MLN. Ule huletwa na virusi vya aina mbili vikikutana katika mmea mmoja. Majani yake huwa na mabaka ya manjano, kisha hukauka kuanzia kingoni, na mara nyingine moyo wa mmea hufa kabisa. Ukiona hayo, mwite Bwana Shamba au Bibi Shamba mara moja.

BWANA STOREY ALIKUWA NANI

Harold Haydon Storey alikuwa Mwingereza, aliyezaliwa mwaka 1894. Kazi yake ilikuwa kuchunguza magonjwa ya mimea. Katika miaka ya 1920 alifanya kazi Afrika ya Kusini, katika nchi ya Natal, na huko ndiko alikokutana na milia ya mahindi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa umekwisha kuandikwa huko Natal mwaka 1901 na mtaalamu aitwaye Claude Fuller. Bwana Fuller alidhani kwamba kosa liko katika udongo. Basi, ndugu mkulima, usione haya ikiwa nawe uliulaumu udongo. Mtu mwenye elimu kubwa aliulaumu pia. Tofauti ni kwamba alikuja mtu mwingine baada yake, asiyeridhika na dhana, akaijaribu.

Mwaka 1928 Bwana Storey alihamia Amani, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Amani si mbali sana nasi. Anayetoka Taveta huvuka mpaka Holili, akafika Moshi, akashuka na barabara kuu kupita Same na Mombo mpaka Muheza, kisha akapanda mlimani. Wajerumani walianzisha chuo cha utafiti wa mimea huko mwaka 1902. Baada ya vita kuu ya kwanza Waingereza walikifungua tena mwaka 1927, ili kiwe kituo cha utafiti wa kilimo kwa Afrika Mashariki yote. Mwaka 1948 liliundwa shirika la utafiti wa kilimo na misitu la Afrika Mashariki, na makao yake yakawa Muguga, karibu na Nairobi. Kazi ya Bwana Storey iliendelea huko. Mwaka 1946 wanasayansi wakuu wa Uingereza walimchagua awe mmoja wa chama chao cha kifalme, nayo ni heshima wapewayo wachache. Alifariki mwaka 1969.

SWALI LA KWANZA: UGONJWA HUPITAJE?

Tazama jinsi swali lilivyo jembamba. Bwana Storey hakuuliza, "Kwa nini mahindi hayastawi?" Swali kubwa hivyo lina majibu mia. Aliuliza, "Ugonjwa huu hutokaje katika mmea huu ukafika mmea ule?"

Kuna njia nyingi ambazo mtu angeweza kuzidhania: mbegu, udongo, maji, upepo, jembe, mikono ya mpaliliaji. Kuna na wadudu. Sasa, katika mashamba ya mahindi na nyasi yuko mdudu mdogo sana, urefu wake kama milimita 3, mwembamba, mwenye rangi ya kimanjano. Ukiligusa jani huruka upesi, hata wengi hawamwoni kamwe. Mdomo wake ni kama sindano. Huuchoma ndani ya jani akanyonya utomvu. Wataalamu wamempa jina la Cicadulina mbila, na hilo neno mbila limetokana na jina la mahindi kwa Wazulu. Sisi hapa tumwite mdudu mrukaji.

Mwaka 1925 Bwana Storey alitangaza kwamba mdudu huyu ndiye apelekaye milia. Wadudu walionyonya hindi lenye milia, wakahamishiwa hindi zima, waliliambukiza. Wadudu ambao hawajapata kuonja mmea mgonjwa hawakuliambukiza, hata wakinyonya namna ile ile.

Hapo simama kidogo, ufikiri. Kwa nini ilipasa kuwatumia wale wadudu wasioonja mmea mgonjwa? Kwa sababu bila wao mtu angeweza kusema, "Labda kunyonywa kwenyewe ndiko kunakoleta mistari, kama jeraha." Kundi la pili ndilo linalokata maneno. Katika shule huitwa kundi la kulinganisha. Jaribio lisilo na kundi la kulinganisha ni kama mizani yenye sahani moja.

Baada ya hapo yalifuata maswali mengine madogo, moja baada ya moja. Je, mdudu akisha kunyonya mmea mgonjwa anaweza kuambukiza pale pale? La, hupita muda kwanza, wa saa chache au zaidi kwa kadiri ya joto, ndipo aweze. Je, uwezo ule humwisha? La, aweza kukaa nao maisha yake yote. Je, huwarithisha watoto wake virusi vile kwa njia ya mayai? La, kila mtoto huzaliwa safi, na hana budi kunyonya mmea mgonjwa mwenyewe. Je, ukiponda jani gonjwa ukalisugulia jani zima, litaugua? La. Na mbegu itokayo katika hindi lenye milia? Ugonjwa haupiti katika mbegu.

Tazama sasa ni hofu ngapi zimeondoka! Udongo umetolewa katika kesi. Maji ya mfereji yametolewa. Jembe limetolewa. Mbegu imetolewa. Amebaki mshitakiwa mmoja, mdudu mrukaji, na mahali pa kupata sumu yake pamejulikana: mahindi yaliyokwisha kuugua, na nyasi kadha wa kadha zilizo jamaa ya mahindi.

SWALI LA PILI: MBONA MDUDU HUYU ANAWEZA NA YULE HAWEZI?

Katika kufuga wadudu wale, Bwana Storey aliona jambo la ajabu. Wadudu wawili wa namna moja, walionyonya jani moja gonjwa, mmoja aliambukiza na mwingine hakuambukiza kamwe. Mtu mwingine angesema ni bahati tu. Yeye aliwatenga, akawazalisha mbali mbali, kama mfugaji atengavyo ng'ombe wa maziwa mengi na wa maziwa machache. Alipata koo mbili: moja yenye uwezo wa kuambukiza, nyingine isiyo na uwezo. Kisha akazichanganya.

Alipompandisha dume mwenye uwezo kwa jike asiye na uwezo, watoto wa kike walipata uwezo wa baba yao, na watoto wa kiume hawakupata. Alipompandisha jike wa ukoo safi wenye uwezo kwa dume asiye na uwezo, watoto wote, wa kike na wa kiume, walikuwa na uwezo. Mwaka 1932 alitangaza kwamba kuweza au kutoweza kupeleka ugonjwa ni jambo la kurithi, lifuatalo kanuni, kama rangi ya mnyama. Hii ilikuwa habari mpya kwa wataalamu wa dunia nzima, nayo ilitoka Amani.

Lakini swali halijaisha. Kurithi kitu gani hasa? Kuna nini mwilini mwa yule asiyeweza? Bwana Storey aliwachukua wadudu wasio na uwezo akawadunga tumboni kwa sindano nyembamba kabisa. Kumbukeni ukubwa wa mdudu mwenyewe! Baadhi yao walipona jeraha, na walipopewa mmea mgonjwa waliweza kuambukiza. Maana yake ni kwamba kizuizi kilikuwa ukuta wa utumbo. Katika mdudu mwenye uwezo, virusi hupenya ukuta ule, vikaingia katika damu, vikafika katika mate. Na mdudu achomapo jani jingine huvitema pamoja na mate. Katika mdudu asiye na uwezo, virusi hukwama utumboni. Ni kama maji ya mfereji: yaweza kujaa mpaka ukingoni, lakini shamba halilowi mpaka lango lifunguliwe. Kazi hiyo ilitangazwa mwaka 1933.

Wengine watauliza, "Yatufaa nini kujua utumbo wa mdudu?" Yafaa. Kwanza, twajua sasa kwa nini shamba lenye wadudu wengi laweza kuwa na milia kidogo, na shamba lenye wadudu wachache likawa na milia nyingi. Si kila mrukaji ni mpelekaji. Pili, twaona tabia ya mtaalamu wa kweli. Akipata jibu hakai. Hulitazama jibu lile mpaka limzalie swali jingine. Wazee walisema, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

MUHOGO NAO

Huko Amani Bwana Storey hakushughulika na mahindi peke yake. Muhogo ulikuwa na ugonjwa wa batobato, ambao majani hujikunja na kuwa na mabaka ya manjano. Ugonjwa huu ulikuwa umeandikwa katika nchi hiyo hiyo ya Tanganyika mwaka 1894. Yeye pamoja na mwenziwe, Bwana Nichols, walitangaza mwaka 1938 kwamba batobato hupelekwa na inzi weupe wadogo wakaao chini ya majani. Na jambo kubwa kwa mkulima: hupelekwa pia na vipando. Ukikata kipando katika shina gonjwa, umekwisha kupanda ugonjwa.

Mwaka 1936 Bwana Storey alieleza ugonjwa mwingine wa muhogo, ule wa michirizi ya kahawia, ambao majani yaweza kuonekana mazuri kiasi huku mizizi ardhini ikioza na kuwa na mabaka ya kahawia. Ugonjwa huu ungali unawasumbua wakulima wa pwani mpaka leo.

Amani hawakungoja kupata dawa. Walitafuta ukoo. Kuna mti wa mpira wa jamaa ya muhogo, ulioletwa kutoka Amerika ya Kusini, ambao haushikwi upesi na batobato. Mizizi yake hailiki. Wataalamu waliuchanganya na muhogo, kisha watoto wakachanganywa tena na muhogo, na tena, mpaka ikapatikana mihogo yenye mizizi ya kulika na yenye nguvu ya kupambana na ugonjwa. Kazi hiyo ilidumu miaka mingi, na wengine waliiendeleza katika miaka ya 1950.

Matunda yake yalifika wapi? Mmoja wa mihogo ile ya Amani ulikuwa na nambari 46106/27. Wakulima wa pwani ya Kenya waliupokea wakauita Kaleso, na umesifiwa kwa kuvumilia michirizi ya kahawia. Mwingine, nambari 58308, mbegu zake zilipelekwa Nigeria, na katika miaka ya 1970 wataalamu wa Ibadan waliutumia kupata mihogo mipya. Batobato kali ilipoifagia mihogo ya Uganda katika miaka ya 1990, moja ya mihogo iliyowasaidia wakulima wa huko iliitwa Migyera, nayo ni ya ukoo huo. Hivyo damu ya Amani ilizunguka Afrika ikarudi karibu na nyumbani.

AMBACHO HAKUKIONA

Bwana Storey alirudia mahindi mpaka uzeeni. Mwaka 1967, miaka 42 baada ya kumtaja mdudu mrukaji, yeye na mwenziwe Howland walitangaza jinsi mahindi yanavyoweza kurithi nguvu ya kupinga milia. Kama alivyowachanganya wadudu, sasa alichanganya mahindi: yanayopatwa sana na yanayopatwa kidogo, akahesabu watoto wao. Wataalamu wa Nigeria, Kenya na nchi nyingine wameendelea na kazi hiyo tangu miaka ya 1970, na leo katika maduka ya mbegu kuna aina zinazostahimili milia.

Lakini virusi venyewe Bwana Storey hakuviona. Vilitengwa safi na kuonekana kwa darubini ya umeme mwaka 1974, kazi iliyofanywa na Bwana Bock na wenziwe wa Muguga, miaka 5 baada ya Bwana Storey kufariki. Vilionekana wawili wawili, vimeshikana kama pacha. Hebu fikiri: alijua ni nani avichukuaye, hukaa wapi mwilini mwake, hungoja muda gani, na mahindi gani huvipinga, wala hakuviona hata siku moja. Alivijua kwa kazi zake, kama tumjuavyo fisi wa usiku kwa nyayo zake.

YATUHUSUJE SISI WA MBOGHONI

Sisi wa Mboghoni tuna neema ya maji. Chemchemi na mito itokayo upande wa Kilimanjaro hutuwezesha kupanda hata mvua zisiponyesha. Jirani wa kushoto anavuna mahindi, wa kulia anapalilia, wa mbele anapanda. Neema hii ina mlango wa nyuma. Mahali penye mvua ya msimu tu, kiangazi hukausha mahindi na nyasi, wadudu wakapungua. Kwetu daima kuna hindi bichi mahali fulani. Mdudu mrukaji anapoona hindi kuukuu limeanza kukauka, huliacha akahamia hindi changa lililo karibu, na virusi amevibeba. Na mlikwisha kusikia: hindi changa ndilo linaloumia zaidi.

Basi yatupasa kufanya haya:

1. Usipande mahindi machanga kando ya mahindi makuukuu. Ikiwa huna nafasi nyingine, acha ukanda mtupu wa mita 10 katikati, usio na nyasi.

2. Panda pamoja na majirani. Wenye maji ya mfereji mmoja wakutane, wapatane wiki ya kupanda. Mtu mmoja akichelewa mwezi mzima, shamba lake huwa ndilo kimbilio la wadudu wa mashamba yote.

3. Ukisha kuvuna, ng'oa mabua na machipukizi ya mahindi yaliyoota yenyewe. Fyeka nyasi za kando ya mfereji kabla ya kupanda, si baada ya mahindi kuota; ukifyeka wakati huo utawafukuza wadudu kutoka nyasini waingie katika mahindi yako.

4. Dukani ulizia mbegu iliyothibitishwa, inayostahimili milia na kufaa nchi za chini zenye joto. Mbegu nzuri ya Kitale haiwi nzuri kwetu kwa sababu ya sifa zake tu.

5. Mche ukionyesha milia ukiwa mdogo, ung'oe. Hautakupa gunzi, na ukiachwa utakuwa kisima cha wadudu kunywea.

6. Usinunue mbolea kwa ajili ya kuponya milia. Mbolea ni chakula cha mmea, haiui virusi.

7. Anayepanda muhogo achague vipando katika shina lisilo na batobato, na wakati wa kuvuna akate mzizi autazame ndani kabla ya kuyachukua mashina yake kuwa vipando.

JARIBIO LA SHAMBANI

Nimesema kwamba njia ya mtaalamu yawezekana shambani. Hili hapa jaribio. Haligharimu kitu ila mbegu kidogo, kamba, vijiti vya alama na daftari la mtoto wa shule.

Swali letu liwe jembamba: "Kati ya mbegu ninayopanda kila mwaka na mbegu mpya niliyoambiwa inastahimili milia, ni ipi ipatwayo kidogo katika shamba langu?"

Chagua sehemu moja ya shamba iliyo sawa. Panda mistari 5 ya mbegu yako ya zamani na kando yake mistari 5 ya mbegu mpya. Kisha rudia mara ya pili mahali pengine katika shamba hilo hilo, lakini geuza: iliyokuwa upande wa mfereji iwe upande mwingine. Kwa nini kugeuza? Kwa sababu wadudu waweza kutoka upande mmoja, na mbegu iliyo karibu nao ikaonewa bure. Panda zote siku moja, kwa nafasi moja, kwa mbolea moja, palizi moja. Kitu kimoja tu ndicho kitofautiane, nacho ni mbegu. Ukitofautisha vitu viwili, hutajua ni kipi kilicholeta tofauti.

Katika jaribio hili using'oe mche wowote kabla ya kuhesabu. Baada ya wiki 5 tangu kuota, hesabu. Tuseme katika mimea 200 ya mbegu ya zamani umeona milia katika 62. Hiyo ni 31 katika kila 100. Na katika mimea 200 ya mbegu mpya umeona 18. Hiyo ni 9 katika kila 100. Andika siku ile ile, maana moyo hukumbuka upendalo na kusahau usilopenda. Wakati wa kuvuna pima debe za kila upande, uandike pia, kwa sababu mbegu isiyopatwa na milia lakini isiyozaa haikusaidii.

Usihukumu kwa msimu mmoja. Mwaka mwingine wadudu huwa wachache, na mbegu zote zikaonekana nzuri. Rudia msimu wa pili. Majirani watatu wakifanya jaribio moja namna moja, maneno yao yana uzito kuliko ya mtu mmoja aliyefanya mara moja.

Na ukiona kwamba mbegu mpya haikuizidi ya zamani, usifiche. Hilo nalo ni jibu, na laweza kumwokolea jirani yako fedha. Daftari hilo mwonyeshe Bwana Shamba au Bibi Shamba apitapo. Maofisa wajua habari za nchi nzima; shamba lako unalijua wewe.

MASWALI YA KUJIPIMA

Mzee asiyesoma asomewe na mtoto, kisha wajibizane. Majibu yote yamo katika somo hili.

1. Jani la mwisho lililo safi katika mmea wenye milia hutuambia nini?

2. Bwana Fuller alidhani milia hutoka wapi? Ni nini kilichoonyesha kwamba sivyo?

3. Kwa nini ilipasa kujaribu pia wadudu ambao hawajaonja mmea mgonjwa?

4. Ni kitu gani kilichowazuia wadudu wengine kupeleka ugonjwa, na Bwana Storey alikijuaje?

5. Mihogo ya Amani iliitwaje na wakulima wa pwani ya Kenya?

6. Kwa nini mashamba ya mfereji yamo katika hatari ya milia kuliko mashamba ya mvua peke yake?

7. Katika jaribio la mbegu mbili, taja vitu vinne ambavyo havina budi kuwa sawa, na kimoja ambacho lazima kitofautiane.

8. Wewe mwenyewe una swali gani juu ya shamba lako? Lipunguze mpaka liwe jembamba kiasi cha kujibiwa kwa mistari 10 ya mahindi.